Mama Mkwe Ukutani

Baraka, tarehe 18 Juni 1956

Mke wangu Mama Feza,

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu siku niliyotoka nyumbani na gunia langu begani. Nimehesabu tena asubuhi hii kwa vidole na hesabu haikupungua. Umeamkaje? Mguu wako uliovimba wakati wa mvua umepona, au bado unaukokota? Feza anakwenda shule? Mdogo wake anatembea vizuri sasa? Mihogo ya upande wa mto mmeivuna, au nguruwe wa porini wameifikia kwanza? Mimi ni mzima. Mgongo unauma nikiinama, nikisimama unanyamaza. Nakula bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, kila siku, mpaka nikiota chakula naota sombe yako ya majani ya muhogo.

Katekista anayekusomea barua hii nampa salamu na heshima. Namwomba asiruke mahali popote, hata pale ninapojisema vibaya, maana safari hii nataka usikie yote.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba nitarudi mvua zikianza. Mvua zilianza, zikaisha, sikurudi. Najua watu wamekuambia nimepata mwanamke huku ziwani. Sikupata mwanamke. Nilipata nyumba ya kutundika picha. Utasema afadhali mwanamke, maana hilo watu wangelielewa. Ngoja nikueleze.

Unajua nilianzia Lulimba kwenye dhahabu. Mwaka mzima nilisimama kwenye maji ya tope mpaka magotini, nikichimba na kuosha mchanga, na dhahabu yenyewe niliiona mara mbili tu, mkononi mwa mtu mwingine. Mkataba ulipoisha nikashuka hapa Baraka kubeba robota za pamba kwa tajiri mmoja. Robota ni mzigo wa pamba uliobanwa mpaka umekuwa mgumu kama jiwe. Mwezi wa nane mwaka jana robota moja iliteleza juu ya rundo ikanishukia mgongoni. Sikuvunjika, lakini wiki tatu sikuweza kuokota hata kijiko. Muuguzi akaniambia nisibebe tena mpaka mwaka ugeuke. Nikawa nakaa nyuma ya ghala kama gunia tupu, naona aibu kurudi kwako nikiwa nimepinda.

Hapo ndipo Sefu alinikuta. Sefu ni fundi wa picha, mwenyeji wa hapa ufukoni, Mwislamu, mrefu na mwembamba, kanzu yake ina madoa ya dawa za kusafishia picha ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Anatembea na sanduku lake la picha kutoka Baraka mpaka Fizi, Lubondja na Kazimia, anapiga watu picha za vitabu vya kazi na za arusi. Aliyekuwa anambebea vitu alikuwa amekwenda kuoa.

"We Mukasongo," akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita hapa sisi tunaotoka upande wa Kasongo, "mugongo yako inaweza kubeba miti tatu?"

"Miti tatu ndiyo. Robota apana."

"Basi simama. Robota haipigwe foto."

Hivyo nikawa nambebea miguu mitatu ya sanduku. Jioni nikawa namtengenezea fremu, kwa maana useremala kidogo nilioupata kwa mapadri haujanitoka mkononi. Nilichukua mbao za masanduku ya sabuni, na vioo vya madirisha yaliyovunjika.

Nilichoona katika safari zile ni hiki. Mtu akipewa picha yake anaitazama, anacheka au anakasirika, kisha anaifunga kwenye kitambaa na kuitia sandukuni. Haionekani tena mpaka afe. Lakini Sefu alikuwa anajitengenezea ya pili ya kila picha aliyoipenda, akaziweka kwenye mkebe wa biskuti. Siku moja njiani tukitoka Kazimia alinifungulia mkebe ule. Mama Feza, nilikaa chini pale pale. Kulikuwa na mvuvi mwenye nyavu shingoni, bibi harusi aliyesinzia kitini, wazee wawili wanaogombana kuhusu mbuzi. Watu ninaowapita kila siku bila kuwatazama.

"Miaka kumi napiga batu," Sefu akasema, "na hakuna muntu hata mumoja aliona kazi yangu. Kila muntu anaona sura yake tu."

Basi tukasema tutafute nyumba, tuzitundike, kila mtu aingie atazame sura za wenzake. Mwalimu mmoja wa misioni alitaka kutupatia mbao ikiwa tutatundika watoto wa ubatizo peke yao. Tajiri wa pamba alitaka kutupatia bati ikiwa tutatundika pamba yake. Sefu aliwashukuru wote wawili, akakataa. Alisema nyumba hiyo isiwe ya misioni, wala ya pamba, wala ya serikali. Lakini ruhusa ya serikali ilikuwa lazima, kwa hiyo tukapanda Fizi kwa miguu, mimi na mgongo wangu. Karani akatuuliza:

"Munauzisha nini mule?"

"Hatuuzishe kitu," Sefu akasema. "Batu banaingia, banatazama, banatoka."

"Banatazama nini?"

"Batu."

"Batu si beko bengi inje? Na kule inje ni bure."

"Na mule ndani ni bure vilevile."

Karani alicheka mpaka wino ukadondoka. Hakuwa na karatasi ya nyumba ya namna hiyo. Akatuandika pamoja na maduka, akatupigia muhuri, akasema siku moja atashuka aone hilo duka lisilouza.

Nyumba tuliipata kwa Wilondja. Huyu ni Mubembe mwenye maboti matatu ya samaki, mtu mnene, mkarimu, anayependa kusikia jina lake. Alikuwa na ghala la zamani la samaki karibu na soko: chumba kirefu, mlango mmoja mbele, na nyuma tundu dogo kama dirisha, mahali walipokuwa wakipitishia vikapu. Alitupatia bila kodi. Alitaka kitu kimoja tu: picha yake iwe kubwa kuliko zote, imtazame kila anayeingia. Tukakubali. Tulisugua harufu ya samaki siku tisa, tukapiga chokaa mara tatu. Harufu ilibaki kidogo na ipo mpaka leo. Watu wa hapa hawaisikii.

Wakati huo ndio mvua zilikuwa zinaanza na mimi nilitakiwa kuwa njiani kuja kwako. Tajiri wa pamba naye aliniita niandike mkataba mpya, kazi nyepesi ya kuhesabu magunia. Nilikataa vyote viwili. Nakuambia wazi, hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuona hiyo nyumba imefunguliwa. Miaka yote hii nimechimba na kubeba vitu vinavyokwenda mbali na sikuviona tena. Hiki ningekiona.

Kutundika kulikuwa kazi yangu. Wilondja nilimweka ukuta wa nyuma, juu ya lile tundu, akitazama mlango. Halafu nikatafuta picha iliyo nzuri kuliko zote, niiweke juu ya mlango wa mbele, maana pale ndipo mwanga unapofika kutoka kwenye tundu. Picha hiyo ilikuwa ya mama mmoja mzee tuliyempiga sokoni Lubondja, ana kiko mdomoni na moshi umesimama mbele ya jicho moja. Hatukujua jina lake. Nikamtundika pale. Kwa hiyo yeye na Wilondja wakawa wanatazamana, kila mmoja kwenye ukuta wake.

Tulifungua Jumapili moja ya mwezi wa pili, watu walipotoka kanisani. Waislamu walikuja, Waprotestanti walikuja, Wakatoliki walikuja. Walicheka, waliitana, walionyeshana vidole. Mama Sakina, muuza samaki ambaye kibanda chake kiko mbele yetu, alijikuta ukutani amefungua mdomo akigombana na mnunuzi. Akasema, "Kumbe niko muzuri hivi na sikuambiwa!"

Kisha Wilondja akaja, amevaa koti na kofia, na marafiki wawili wenye maboti. "Kuyeni muone mukubwa yenu," akawaambia. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye picha yake, akaisifu sana. Halafu akageuka kuona yeye ukutani pale anatazama nini.

Mama Feza, sijaona mtu mnene akikimbia vile. Alivuta koti akajifunika kichwa. Alielekea mlangoni, akasimama, maana mlango ulikuwa chini ya ile picha. Akarudi nyuma akikanyaga miguu ya watu. Akajisukuma kwenye tundu la samaki, kichwa kwanza, marafiki wakamsukuma miguu, akaangukia nje. Koti lilibaki kwenye msumari.

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Mama Sakina akanipiga begani.

"We mugeni, we! Ule ni mukwe yake! Mama ya muke yake! Unamutundika juu ya mulango, muntu apite chini yake kama mbuzi?"

Wewe unanijua. Mimi si mjinga wa mambo hayo. Kwetu pia mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mwanamume anaingia majanini mpaka mama apite. Lakini Wabembe wa huku wanalishika jambo hilo kwa mikono miwili, hata jina la mkwe mtu halitamki. Na sisi tungejuaje? Wilondja haendi Lubondja. Anayekwenda ni mkewe Neema, peke yake. Yule mama sikumpanga kwa ubaya. Nilimpanga kwa mwanga.

Kabla jua halijashuka Neema alikuja na maneno ya mumewe: picha ishuke leo, la sivyo nyumba irudi kwa mwenyewe kesho. Niliishusha, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka chumba kidogo cha ndani. Nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Siku ya pili alikuja mzee mmoja akasema picha yake imekaa ukuta mmoja na mke wa mwanawe, anaona aibu kupita sokoni. Nikampa picha yake. Baadaye mwanamke mmoja akaja kujiondoa, maana mume wa bintiye alikuwa mbele yake akiwa kifua wazi, anavuta wavu. Siku ya nne ukuta karibu wote ulikuwa chokaa na misumari. Sefu alikaa kwenye benchi na mkebe wake wa biskuti magotini.

"Bakwe banatumaliza," akasema.

Mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Niliacha kazi ya magunia, niliacha kurudi, niliacha msimu mzima wa mvua kwa ajili ya nyumba hii, na sasa ningerudi nikuambie nini? Kwamba nilitundika watu vibaya? Nilifunga gunia langu, Mama Feza. Kweli nililifunga.

Siku ya saba, asubuhi, lori la pamba lilisimama sokoni, akashuka mama mzee mwenye kuku wawili na kiko. Nilimjua kabla hajafika mlangoni. Alikuwa Mama Atosha, yule yule wa Lubondja, na Neema alikuwa nyuma yake akimbembeleza aende nyumbani kwanza apumzike. Hakumsikiliza. Aliingia, akatazama kuta zote nne.

"Balisema niko huku. Niko wapi?"

Nikaenda ndani nikamleta kwenye kanga, nikamfungulia. Alisogeza picha, akaifuta kioo kwa mkono.

"Jicho hili moja moshi imelifunika," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Na munanificha juu ya nini? Niliiba?"

Neema akamweleza. Yule mama akatandika mkeka katikati ya chumba, akanyosha miguu, akawasha kiko.

"Unirudishe pale nilikuwa," akaniambia. "Mi sitoke."

Nilimrudisha. Ningefanyaje? Umri wake ni wa mama yangu.

Habari ilimfikia Wilondja kabla sijashuka kwenye kiti. Alikuja mbio na mwavuli, akasimama barabarani, akaupa mlango mgongo, akafungua mwavuli kwa nyuma ili hata kisogo chake kisionekane. Soko lote lilikuja nyuma yake.

"Kitenge!" akaniita. "Ule muntu eko mule?"

"Eko."

"Yeye mwenyewe ao foto?"

"Bote babili."

Alivuta pumzi. "Umuambie namusalimia kwa heshima. Lakini foto ishuke."

Kutoka kwake mpaka kwa mama ni hatua sita. Kila neno alilisikia. Hata hivyo nilipoingia akaniuliza, "Alisema nini?" Nikayarudia yote, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Umuambie salamu yake nimesikia. Na umuulize: tukikutana mu njia, nani anatoka? Mi ao yeye?"

Nikatoka. Wilondja naye alikuwa amesikia, na naye akauliza, "Alisema nini?"

Nikamwambia. Akasema, "Umuambie ni mi natoka. Naingia mu majani."

"Basi," mama akasema, "hata hapa ni mi nilifika wa kwanza. Apishe."

"Lakini nyumba ni yangu!" Wilondja akapiga kelele, akasahau kwamba maneno yanapitia kwangu.

"Umuulize njia nayo ni ya nani. Ni yangu? Ni ya serikali, na bado ananipisha."

"Wilondja, ingia mu majani!" Mama Sakina akaita kutoka kibandani, na soko likacheka. Alivuta mwavuli mpaka mabegani. Nilimwona mtu anaumia, na sikucheka. Nikamwendea Neema, nikamwomba aseme yeye, mama yake na mume wake. Akakunja mikono.

"Mi siingie katikati. Mama ni wangu na bwana ni wangu. We tembea tu."

Nikaendelea kutembea, na mgongo wangu huu. Mama Atosha aliweka kiko chini. Sasa alisema polepole.

"Umuambie niko na batoto banamuke bane, bote baliolewa. Niko na bakwe bane. Kila muntu mu Baraka hapa ni mukwe ya muntu. Kama mukwe akionekana foto inashuka, nani atabakia kwa ukuta? Ni misumari tu. Atazame ndani, aone kama nasema uongo. Apana, asitazame, niko ndani. Umuambie tu."

Nilimwambia.

"Tena umuulize. Tangu achukue mutoto yangu, mi niliingia mu nyumba yake mara ngapi?"

Neema ndiye aliyesema, akitazama chini: "Hata siku moja."

"Juu ya nini hata siku moja?" mama akauliza. "Juu alijenga nyumba kubwa na mulango moja. Nikiingia, yeye atatoka wapi? Kwa kitundu ya samaki?"

Hapo hata marafiki zake wenye maboti walishindwa, wakainama wakishika mbavu. Wilondja alifunga mwavuli, akaondoka. Kicheko kilipokwisha Sefu aliniambia nianze kushusha fremu zilizobaki, maana Wilondja ameenda kuwaleta wavuvi wake watutoe. Nilizishusha nne. Nilikuwa na ya tano mkononi niliposikia miguu mizito inazunguka nyumba, upande wa nyuma, mahali lilipo lile tundu.

"Kitenge!" Ilikuwa sauti yake. "Umuambie asogee. Vumbi itamuangukia."

Nikachungulia nje. Alikuwa amevua shati. Mkononi ana mtaimbo wa kufungia maboti. Nilimwambia mama asogee, akasogea hatua mbili na mkeka wake, na Wilondja akapiga ukuta wake mwenyewe chini ya tundu. Matofali ya udongo hayana ubishi. Kabla ya saa sita lile tundu lilikuwa mlango.

Kuanzia hapo Mama Atosha ndiye aliyetupanga. Alikaa kwa bintiye siku kumi, lakini hata huko Wilondja alipasua kwanza mlango wa pili kwenye nyumba yake. Kila asubuhi mama alikuja na kiko chake kunifundisha. "Utupange kama tunakaa ku arusi," aliniambia. Kwenye arusi wakwe wote wako kiwanja kimoja, wanakula chakula kimoja, na hawatazamani, maana kila upande unajua mahali pake. Basi nilitundika mkeka mrefu katikati ya chumba. Mama wakwe wako upande wa soko na wanafikiwa kwa mlango wa mbele, wakwe wanaume wako upande wa ziwa na wanafikiwa kwa mlango wa Wilondja. Yeye mwenyewe yuko upande wake, mkubwa kama zamani. Mtu akitaka kuona upande ambao mkwe wake yupo, anakohoa nje. Mimi namshusha mkwe huyo kwa mikono miwili, nampeleka chumba cha ndani, nasema "Karibu." Akimaliza kutazama, namrudisha.

Ili nipange hivyo ilinipasa nijue nani ni mkwe wa nani. Nilizunguka Baraka nyumba kwa nyumba, nikapanda mpaka Fizi na Lubondja, na daftari la shule. Watu walinicheka, kisha wakaleta kiti. Waliokuwa wameondoa picha walizirudisha. Wengine ambao hawajapigwa picha hata mara moja walikuja kwa Sefu wapigwe, maana waliona jirani zao wana mahali na wao hawana. Hivyo ndivyo Sefu anavyoishi na mimi ninavyokula. Anayeingia hatumdai kitu. Wengine wanaacha mayai, samaki, au kifurushi cha muhogo, wengine wanaacha maneno.

Bado nakosea. Mwezi uliopita niliweka wake wawili wa mume mmoja bega kwa bega nikidhani ni dada, na ilibidi Mama Sakina awatenganishe, wale wenyewe na picha zao. Unyevu wa ziwa unaingia nyuma ya vioo. Mende wanakula gundi. Leo ni Jumatatu, tumefunga, nimezishusha zote kuzifuta, zimelala kwenye mkeka, nami nakuandikia nikiwa katikati yake. Msimu wa pamba umeanza tena, kwa hiyo asubuhi na mapema nafagia ghala la yule tajiri, kisha nafungua nyumba. Robota sizigusi. Juzi tajiri mwenyewe aliingia akasimama sana mbele ya Mama Atosha, akauliza kama anauzwa. Sefu akamwambia, "Huyu, bwana, ni mukwe ya mwenye nyumba." Akaelewa, au alijifanya kuelewa. Karani wa Fizi naye alikuja, akatazama kila mtu, akaomba na yeye apigwe.

Sasa najua swali lako, hata usipoliandika: na mimi je? Nimelifikiria na nitakujibu bila kuzunguka. Dhahabu siandiki tena mkataba, pamba siandiki. Kazi hii ya kutundika watu ndiyo ninayoitaka, na siitaki bila wewe. Nikija tutazungumza. Ukisema tuje Baraka wote wanne, tutakuja, kuna nyumba nyuma ya soko. Ukisema apana, nitabaki nyumbani, na sitakulaumu, kwa maana umekaa peke yako miaka miwili na neno lako ni zito kuliko langu.

Kuna jambo moja nakuomba ulifanye kabla sijafika. Sefu ataniazima sanduku lake dogo la picha nije nalo, na amenifundisha kulitumia. Tumeoana mwaka wa kumi sasa na mama yako sijamtazama usoni. Najua anavyokohoa, najua anavyopiga kinu, najua kitambaa chake kwa mbali, ndipo naingia majanini. Mwulize kama anataka kupigwa picha. Mwulize wewe, maana mimi siwezi. Akikataa, basi, na heshima yangu ni ile ile. Akikubali, nitakuonyesha wewe mahali pa kubonyeza, nami nitakaa nyuma ya nyumba mpaka umalize. Hiyo picha utaishika wewe na utaiweka unapotaka, na mimi sitaifungua.

Nisalimie kaka yangu mkubwa anayetutunzia shamba, mwambie jembe lake sijalisahau. Msalimie shangazi yako aliyekushika ulipojifungua mdogo. Msalimie jirani yetu mhunzi na mke wake. Baba yako mlezi umpe salamu za heshima kwa mdomo wako, si kwa barua. Feza umwambie baba yake anajua sasa kuandika majina ya watu wengi, na jina lake lipo ukurasa wa kwanza. Mdogo umbebe kidogo kwa niaba yangu.

Ununuzi wa pamba unakwisha mwezi wa nane. Mama Sakina amekubali kushika funguo na daftari langu nikiondoka. Nitapanda lori la Lulimba wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, kutoka hapo Kabambare kwa lori nikilipata, na kutoka Kabambare kwa miguu, polepole kwa ajili ya mgongo. Safari hii siandiki mvua zikianza. Naandika mwezi wa tisa, kabla haujaisha. Usipike siku moja tu, pika siku tatu za mwisho za mwezi huo, maana siku yenyewe ya kufika siwezi kuitaja.

Mimi mume wako,
Petro Kitenge, Baba Feza